Chuma mguuni mwangu kimemaliza kazi: kwa nini nipasuliwe tena ili kitolewe?

Mwalimu wa Mikindani (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni. Uzi huu ni mrefu, kwa hiyo mwenye haraka na auweke kiporo hadi kesho.

Miaka miwili iliyopita, msimu wa korosho ukiwa umepamba moto, bodaboda niliyopanda kutoka Mtwara mjini iliteleza kwenye mchanga kabla hatujafika Mikindani, na mfupa wangu wa muundi ukavunjika vipande viwili. Sikufungwa hogo la plasta wala sikuwekewa zile antena za nje za kushikilia mfupa; nilipasuliwa, nikawekewa bamba la chuma lenye skrubu saba, na baada ya miezi mitano nilikuwa nimerudi ubaoni nikifundisha kwa kusimama. Mfupa umeunga vizuri. Tatizo ni kichwa cha skrubu ya chini kabisa, ambacho kinasukuma ngozi kwa ndani pale ugokoni pasipo na nyama, kiasi kwamba nikipitisha kidole nakigusa kama punje ya choroko iliyofichwa chini ya kitambaa, na nikisujudu kwenye mkeka lazima niuegemeze mwili upande wa kushoto. Daktari ameniambia kuwa dawa ni kupasuliwa mara ya pili na kukitoa chuma chote. Hapo ndipo lilipojitokeza jambo jingine: hospitali iliyoniwekea, ambayo sitaitaja, haikuandika kwenye cheti changu ni chuma cha aina gani wala kimetoka kiwanda gani, na daktari huyu wa sasa anajiuliza aandae bisibisi ya kichwa kipi, maana skrubu za viwanda mbalimbali hazifunguliwi na bisibisi moja.

Mimi nafundisha kemia, na swali lililonikosesha usingizi ni hili: ikiwa kazi ya chuma hicho ilikuwa ya miezi mitano, kwa nini kitengenezwe cha kukaa miaka hamsini? Nimesoma kadiri nilivyoweza, na nawaletea nilichokipata ili mnikosoe.

Mabamba ya namna hii kwa kawaida hutengenezwa kwa titani, au kwa chuma cha pua cha daraja la 316L, yaani chuma kilichochanganywa na kromi, nikeli na molibdeni kidogo. Vyote viwili havishiki kutu kwa sababu moja, kwamba juu yake hujitandaza utando mwembamba mno wa oksidi ambao ukikwaruzwa hujiziba wenyewe. Titani ina tabia ya ziada iliyogunduliwa bila kutafutwa. Katika miaka ya 1950, huko Sweden, daktari Per-Ingvar Brånemark alikuwa akipachika vijumba vya titani kwenye mifupa ya sungura ili achungulie mwenendo wa damu, na alipotaka kuvitoa akakuta mfupa umevishika, havitoki. Mwaka 1965 alimpachikia mgonjwa wa kwanza meno ya bandia kwa kutumia tabia hiyo hiyo. Kwa mwenye pengo, kung'ang'ania huko ni neema, lakini kwa mtu anayetaka chuma chake kitoke ni kazi ya patasi.

Kuna kasoro nyingine ambayo haionekani kwa jicho. Chuma cha pua hukataa kupinda mara kumi au zaidi kuliko mfupa, na titani, ambayo ni laini kwa kiasi cha nusu ya chuma hicho, bado imeupita mfupa kwa mbali. Kwa hiyo nikikanyaga, sehemu kubwa ya uzito wangu hupita kwenye bamba, na mfupa ulio chini yake hukaa bure. Mjerumani Julius Wolff aliandika mwaka 1892 kwamba mfupa hujijenga kufuatana na mzigo unaoubeba. Usiotwishwa mzigo hujipunguza. Bamba likikaa muda mrefu kupita haja, linaweza kuudhoofisha mfupa uleule lililokuja kuunusuru.

Ndipo nikakutana na habari za metali iitwayo magnesi (magnesiamu). Mwili wa mtu mzima una magnesi ya kiasi cha gramu 25, na zaidi ya nusu yake imo mifupani, hivyo si mgeni. Ukakamavu wake umekaribia ule wa mfupa kuliko chuma chochote nilichokwisha kukitaja, na zaidi ya yote, mwilini huyeyuka. Fikra yenyewe si ya leo. Mwaka 1878 daktari mmoja Mmarekani, Edward Huse, alifunga mishipa ya damu kwa nyuzi za magnesi, na mwaka 1907 Mbelgiji Albin Lambotte aliunga mguu uliovunjika kwa bamba la magnesi lililoshikwa na misumari ya chuma. Baada ya siku nane bamba lilikuwa limekwisha kumomonyoka, na gesi imejaa chini ya ngozi ya mgonjwa. Wazo likawekwa kando kwa muda mrefu sana.

Lililobadilika ni kwamba mwaka 2013 skrubu za aloi ya magnesi, yaani magnesi iliyochanganywa na metali nyingine, kutoka Hannover, Ujerumani, ziliruhusiwa kuuzwa Ulaya, na mwaka huohuo yakachapishwa matokeo ya wagonjwa 26 waliorekebishwa kidole gumba cha mguu kilichopinda, wengine kwa skrubu za magnesi na wengine kwa za titani. Baada ya miezi sita haikuonekana tofauti kati yao, isipokuwa kwamba wale wa magnesi hawakuwa na haja ya kutolewa kitu.

Sasa ninachouliza: Lambotte alikosea wapi, na hawa wa Hannover wamepatia wapi? Jibu la nusu ninalo. Nataka kusikia la wengine kwanza.

Fundi Boti, Shangani

Mwalimu, pole sana kwa mguu. Mimi si msomi wa dawa, natengeneza mashine za boti, lakini hilo la Lambotte nimelielewa tangu uliposema misumari ya chuma.

Kila mashine ya boti inayoingia baharini hufungwa kipande cha zinki karibu na panga boi. Kazi ya kipande hicho ni kuliwa. Vyuma viwili vya aina tofauti vikigusana ndani ya maji ya chumvi, kimoja humla mwenzake, na anayeliwa ni yule dhaifu. Tunamweka zinki aliwe ili mashine isalimike. Nimewahi kuletewa mashine isiyo na zinki, mwenyewe alikiona kipande hicho ni pambo tu akakiondoa, na alumini ya chini ilikuwa imetobokatoboka hata kidole kinaingia.

Magnesi naijua pia. Hiyo hufungwa kwenye mashine za maji baridi, kwa sababu maji ya mto hayana chumvi ya kutosha kuiamsha zinki. Mteja mmoja aliyekuwa akivusha watu mto Ruvuma alihamia baharini na mashine yake ikiwa bado na kipande cha magnesi, akaniletea baada ya wiki chache kimebaki kama muhogo ulioguguniwa na panya. Kwa hiyo yule Mbelgiji alifunga chakula pamoja na mlaji ndani ya mguu wa mtu, na damu ni maji ya chumvi. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Yeye alimpa mgeni wake jembe tangu saa ya kwanza.

Swali langu ni hilo la gesi. Hata ukiondoa misumari ya chuma, magnesi peke yake kwenye maji ya chumvi hutoa mapovu, nimeyaona kwa macho yangu. Hayo mapovu ndani ya mfupa yanakwenda wapi?

Mwalimu wa Mikindani (mleta mada)

Fundi, umenipokonya nusu ya jibu niliyokuwa nayo, na umelieleza vizuri kuliko ninavyolifundisha kidato cha tatu. Chumvi iliyomo kwenye damu ni kama robo ya ile ya bahari, na hiyo inatosha kabisa.

Gesi ni haidrojeni. Magnesi ikikutana na maji huwa haidroksidi ya magnesi, tope jeupe ambalo lingeweza kuifunika na kuilinda, ila chumvi hulibadilisha tope hilo kuwa kitu kinachoyeyuka na kuliondoa, kazi ikaanza upya. Hesabu yake ni rahisi: gramu 24 za magnesi hutoa lita 24 hivi za haidrojeni kwenye joto la kawaida la chumbani, yaani kila gramu moja ni karibu lita moja ya gesi. Bamba la gramu kadhaa likiyeyuka ndani ya siku nane, mguu lazima uvimbe. Skrubu nyembamba ya urefu wa sentimita mbili na nusu ina uzito wa kama theluthi moja ya gramu. Gesi yake, ikitoka polepole kwa miezi mingi, damu huibeba na mapafu huitoa bila mwenyewe kujua.

Kwa hiyo kilichopatiwa ni mwendo wa kuyeyuka. Njia ya kwanza ni usafi. Takataka kidogo sana ya chuma, nikeli au shaba iliyobaki ndani ya magnesi huwa mlaji wa ndani kwa ndani, jambo lilelile ulilolisema la vyuma viwili, ila sasa vimo katika kipande kimoja, na viwanda vya enzi za Lambotte havikuwa na uwezo wa kuisafisha kwa kiwango hicho. Njia ya pili ni mchanganyiko. Wajerumani walitia metali za itri na zirkoni. Korea Kusini waliidhinisha mwaka 2015 aloi yao ya magnesi, kalsiamu na zinki kidogo, vitu vitatu ambavyo mwili tayari unavijua. Hata hivyo, katika miezi ya mwanzo picha ya eksirei huonyesha kivuli cheusi kuizunguka skrubu, na daktari asiyezoea anaweza kudhani ni usaha au skrubu imelegea.

Naomba niseme pia lililonivunja moyo. Skrubu hizi zimekusudiwa mifupa midogo na vipande visivyobeba uzito wote wa mwili. Muundi wa mtu mzima ni habari nyingine, kwa sababu magnesi huanza kupungua nguvu wakati uleule ambao mfupa bado haujawa na nguvu, na vyote viwili vikikutana katikati vikiwa dhaifu, mguu unakwenda kombo. Kwa maneno mengine, hata ningevunjikia Hannover kwenyewe, bila shaka ningewekewa chuma hikihiki.

Mkulima wa Newala

Mleta mada, nakuheshimu, lakini mambo haya ya kuyeyuka tumeyasikia kitambo na bado watu wanapasuliwa. Je, hakuna aliyewahi kuumizwa na hivyo vya kuyeyuka? Maana mnaandika kama kwamba kila kinachoyeyuka ni chema.

Mwalimu wa Mikindani (mleta mada)

Wapo, ndugu yangu, na mfano wake ni mkubwa. Mishipa ya moyo ikiziba, madaktari huipanua na kuacha ndani kijibomba cha wavu wa chuma ili isijifunge tena. Palitengenezwa kimoja kilichoitwa Absorb, cha plastiki ya asidi ya laktiki, ambacho kilitakiwa kushikilia mshipa, kisha kiyeyuke ndani ya miaka mitatu hivi na kuuacha mshipa huru. Marekani ilikiidhinisha Julai 2016. Kufikia Septemba 2017 mauzo yake yalikuwa yamesimamishwa, baada ya tafiti kuonyesha kuwa damu ilikuwa ikiganda ndani yake mara nyingi zaidi kuliko ndani ya kile cha chuma. Plastiki ni dhaifu, hivyo kuta zake zililazimika kuwa nene, na kuta nene zinapinga mkondo wa damu.

Upande wa pili, nyuzi za kushonea vidonda zimeyeyuka mwilini kwa vizazi vingi bila kesi kubwa. Zamani zilikuwa za utumbo wa kondoo au ng'ombe, na tangu miaka ya 1970 nyingi ni za plastiki za namna hiyohiyo ya Absorb. Uzi wa kidonda una kazi ya majuma machache na haubebi mzigo mkubwa. Mimi naona mjadala wetu usiwe kinayeyuka au hakiyeyuki, uwe kinatakiwa kikae kwa muda gani.

Nesi Mstaafu, Kilwa Masoko

Nawasalimu nyote. Nimefanya kazi wodini miaka mingi, na ninyi wanaume mmezungumza vyuma tu, kana kwamba mgonjwa ni boti. Vitu vingi tunavyoviweka kwenye mwili wa mtu ni vya kidonda, na muda wake ni siku au dakika.

Aliyewahi kubandua shashi iliyokauka kwenye kidonda cha moto cha mtoto hatanibishia. Unalowesha kwa maji ya chumvi, unasubiri, unalowesha tena, na bado ukiinua ncha ya shashi unaona inakuja na ile ngozi mpya ya waridi iliyoanza kujitandaza, nyembamba kama utando wa yai. Mtoto analia, mama yake anageukia ukutani, na wewe unajua kwamba kidonda umekirudisha nyuma siku tatu. Kwa hiyo niliposikia kuwa siku hizi kuna bandeji zisizoganda kwenye kidonda, zinazotengenezwa kwa mwani, na nyingine zinazozuia damu, zinazotengenezwa kwa magamba ya kamba wa baharini, nilisimamisha kazi nikasikiliza. Shangazi yangu amelima mwani, na magamba ya kamba hapa Kilwa tunayamwaga.

Anayejua atueleze: huo mwani ndio huu wetu? Na gamba la kamba linazuiaje damu?

Mwanamaabara, Lindi mjini

Mama, shikamoo. Nitaanza na kamba, kwa kuwa hapo habari ni nzuri.

Gamba la kamba au la kaa lina kitu kiitwacho kitini. Ukiliosha kwa asidi, chokaa hutoka. Ukilipitisha kwenye kostiki hafifu, protini hutoka. Kisha ukilichemsha kwenye kostiki kali, kitini yenyewe hugeuka kuwa kitosani, unga mweupe usiokubali maji matupu lakini ukiyeyuka vizuri kwenye siki. Ndani ya siki hiyo kitosani huwa na chaji chanya, na kuta za chembe nyekundu za damu zina chaji hasi. Damu inapoigusa, chembe hujikusanya na kunata kama dagaa kwenye wavu, na donge hufanyika palepale. Bandeji za namna hii zilikuwa kwenye mikoba ya wanajeshi wa Marekani waliopigana Irak na Afghanistan kuanzia mwaka 2003. Jambo linalonivutia zaidi ni kwamba donge hilo halitegemei njia ya kawaida ya kuganda kwa damu, na kwa hiyo linaweza kumsaidia hata mgonjwa anayemeza dawa za kuzuia damu isigande.

Ila mama, kutoka kwenye rundo la magamba hadi kwenye bandeji ni safari. Kostiki kali huunguza, maji yake machafu yakimwagwa mikokoni yanaua, na kitosani ya kuingia kwenye kidonda lazima iwe safi kiasi cha kutobaki hata chembe ya protini ya kamba, kwa kuwa wapo watu ambao kamba huwadhuru. Asitokee mtu akasaga magamba nyumbani na kuyapaka kwenye kidonda.

Kuhusu mwani, hapana, si huu wetu. Bandeji za mwani zinatokana na aljineti, na aljineti hutoka kwenye mwani wa kahawia, ambao mwingi ni wa bahari za baridi. Nyuzi zake zimeshikiliwa na kalsiamu. Zikikutana na majimaji ya kidonda hubadilishana kalsiamu kwa sodiamu, zikalainika na kuwa jeli, ndiyo maana hazigandi kama shashi. Mwani unaolimwa pwani yetu, spinosamu na kotonii, ni wa jamii ya mwani mwekundu, nao hutoa kitu kingine kiitwacho karajinani. Hicho hununuliwa zaidi na viwanda vya chakula na dawa ya meno, kwa ajili ya kuunganisha na kuzitia uzito bidhaa zao.

Karajinani ina historia ya ajabu katika utafiti wa tiba. Tangu mwaka 1962 maabara duniani huidunga kwenye unyayo wa panya ili uvimbe kwa makusudi, kisha wanampa panya dawa ya kutuliza uvimbe na kupima unyayo umepungua kiasi gani; dawa nyingi za maumivu tunazozijua zilipita kwenye unyayo huo. Ukisikia mtu anasema kitu cha asili hakina madhara, mkumbushe panya huyo: kitu kilekile kinacholiwa kwenye maziwa mgando, kikiingizwa chini ya ngozi ni uvimbe.

Baadaye, ndani ya vyupa vya maabara karajinani ilionekana kuvizuia VVU, na matumaini yakawa makubwa kwamba ungepatikana ute wa kupaka ukeni ambao mwanamke angeutumia mwenyewe bila kuomba ruhusa ya mtu. Wanawake 6,202 wa Afrika Kusini walishiriki katika jaribio hilo, nusu wakipewa jeli ya karajinani na nusu jeli isiyo na dawa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008: maambukizi yalikuwa karibu sawa katika makundi yote mawili. Haikuwadhuru, lakini haikuwakinga. Mimi huwa nawasimulia vijana wanaokuja maabara kufanya mazoezi, kwa sababu habari ya chupa ilijulikana sana, na habari ya wanawake hao 6,202, ambayo iligharimu miaka ya subira yao, wachache wanaikumbuka.

Mlango haukufungwa wote. Mwaka 2006 watafiti wa Marekani walikuta kwamba karajinani huvizuia kwa nguvu zaidi virusi vya papiloma, vile vinavyoleta saratani ya mlango wa kizazi, visishike chembe za mwili. Kwa hilo nipo tayari kusubiri.

Nesi Mstaafu, Kilwa Masoko

Marahaba mwanangu. Nimekuelewa, na shangazi nitamweleza kuwa mwani wake bado ni wa dawa ya meno.

Mtu wa Ruangwa

Wakuu, naomba niupindue uzi kidogo. Mwalimu anatafuta kinachoondoka. Mdogo wangu wa kike anaishi kwa kitu ambacho kikiondoka, hata kwa unene wa unywele, na yeye ameondoka.

Alipokuwa mdogo aliugua mafindofindo mara kwa mara bila kutibiwa vya kutosha, na ugonjwa ukahamia kwenye moyo ukala mlango mmoja wa kupitishia damu. Alipelekwa Dar es Salaam, akawekewa vali ya bandia. Usiku kukiwa kimya ukikaa karibu naye unaisikia, tik, tik, kama saa ya mkononi iliyowekwa chini ya mto. Nilipouliza imetengenezwa kwa kitu gani, niliambiwa kaboni, nikacheka, kwa sababu sisi Ruangwa tunakanyaga madini ya kinywe, na kinywe ni kaboni.

Nimefuatilia, na kumbe sikuwa nimecheka bure. Vijilango vya vali za namna hiyo, kwa kawaida, kiini chake ni kinywe, na juu yake hupakwa kaboni ngumu sana inayotengenezwa kwa kuivunjavunja gesi yenye kaboni kwa joto kali bila kuiwasha. Kaboni hiyo ilibuniwa kwanza kwa ajili ya kufunika punje za nishati ya nyuklia. Katika miaka ya 1960 mhandisi wake, Jack Bokros, alisoma makala ya daktari wa moyo Vincent Gott aliyekuwa akihangaika kupata kitu ambacho damu haitaganda juu yake, wakawasiliana, na vali zikazaliwa. Moyo hupiga zaidi ya mara milioni 30 kwa mwaka, na kila pigo ni mlango kufunguka na kufungwa. Kaboni hiyo inavumilia hayo bila kulika kwa kiasi cha kuleta shida maishani mwa mgonjwa.

Bei yake ni kwamba damu bado haiiamini kabisa, na mdogo wangu lazima ameze dawa ya kuzuia damu isigande kila siku hadi mwisho, pamoja na kupimwa mara kwa mara. Akijikata kisu jikoni, damu hutoka muda mrefu. Ndiyo maana hiyo bandeji ya kamba aliyoieleza Mwanamaabara nimeisoma mara mbili.

Mkulima wa Newala

Nimeridhika na maelezo. Mwalimu, utuambie basi umeamua nini.

Mwalimu wa Mikindani (mleta mada)

Nimeamua kitolewe. Nimekwenda leo na picha za eksirei za zamani na za sasa. Daktari ameziweka mbele ya taa, akanionyesha jinsi ukuta wa mfupa ulio chini ya bamba ulivyo mwembamba kuliko ule wa upande wa pili, kwa kiasi ambacho hata mimi niliuona bila kuelekezwa. Kuhusu bisibisi, amesema ataagiza seti ya vichwa mbalimbali kabla ya siku yenyewe, na vichwa vyote vikikataa atatumia koleo maalumu ya kushikia skrubu. Nimemwomba aandike kila kitu kwenye cheti safari hii, na ameandika mbele yangu.

Jambo ambalo sikulitegemea ni kwamba shida haiishi chuma kikitoka. Yatabaki matundu saba kwenye mfupa, kila moja likiwa mahali rahisi pa kuanzia ufa, na yatachukua muda kujaa. Wiki za mwanzo sitaruhusiwa kuukanyagia mguu uzito wote, wala kupanda bodaboda, wala kubeba mizigo. Niliuliza kama matundu hayo yanaweza kuzibwa, maana nilikwisha kusoma kwamba tangu mwaka 1974 watafiti walijua kuyageuza matumbawe kuwa madini yanayofanana na ya mfupa, kwa kuyapika pamoja na fosfeti, na mfupa huota ndani ya vitundu vyake. Kuta za nyumba za kale hapa Mikindani ni za mawe ya matumbawe. Palipobanduka lipu ukisogeza jicho unaona vitundu vilivyopangika, vya ukubwa ambao mshipa mdogo wa damu ungepita. Daktari alicheka akasema kwa matundu madogo ya skrubu mfupa haumhitaji mtu, utajijaza wenyewe.

Basi natafuta magongo ya kuazima kwa majuma sita. Mimi ni mrefu wa wastani.

Fundi Boti, Shangani

Mwalimu, magongo ninayo, ya alumini, alikuwa akiyatumia kaka yangu. Ila nimeyatazama sasa hivi: boliti mbili za kurekebishia urefu zilipotea, nami nikaweka za chuma cha pua, na kwa kuwa yamekaa kwenye banda la boti na upepo wa bahari, pale zinapogusana na alumini umeanza kutoka unga mweupe. Nipe hadi Jumamosi nizivishe mpira katikati, kisha nitayaleta mwenyewe Mikindani.